Pakiti Hupotelea Wapi?

Muhula huu nimeulizwa mara nyingi, bwenini na mezani, habari za seva ya chumba chetu cha kompyuta: ilikuwa na ugonjwa gani, na ilipona kwa dawa gani. Naomba basi nafasi katika kurasa hizi niwaeleze kwa ukamilifu, maana habari yenyewe ina elimu ndani yake, na tena imo haki ya wenzetu fulani ambayo yafaa isemwe wazi mbele ya shule nzima.

Kwanza tufahamu pakiti ni kitu gani. Kompyuta mbili zinapozungumza hazipelekeani kazi nzima kwa mara moja. Kazi hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hutiwa katika bahasha yenye anwani ya mpelekaji na ya mpokeaji. Bahasha hiyo pamoja na kilichomo ndiyo iitwayo pakiti. Katika nyaya za Ethernet, kama zilizomo chumbani mwetu, kwa kawaida pakiti moja haichukui zaidi ya baiti 1,500. Kwa hiyo insha yenye picha, ambayo ukubwa wake ni baiti milioni tatu, hukatwa pakiti elfu mbili na kitu.

Waliobuni mpango huu walijua tangu mwanzo ya kuwa pakiti nyingine zitapotea njiani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, waliandika makala ya kueleza jinsi mitandao ya namna mbalimbali iwezavyo kuunganishwa. Katika mpango wao mtandao hautoi ahadi ya kufikisha kila pakiti. Kompyuta mbili za mwisho ndizo zinazohesabu, na kilichokosekana hupelekwa tena. Desturi hiyo yaitwa TCP. Ni desturi njema, walakini ina jambo moja la kuangalia: huificha hasara. Mtumiaji haoni ya kuwa pakiti zimepotea. Huona tu ya kuwa kazi yake inakwenda polepole, na kadiri pakiti zinavyozidi kupotea, ndivyo mpelekaji anavyongoja muda mrefu zaidi kabla ya kurudia.

Polepole hiyo yaweza kuwa kubwa ajabu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1986, huko California katika nchi ya Marekani, mwendo wa mtandao baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley ulianguka kutoka bitsi 32,000 kwa sekunde hadi bitsi 40 tu, na mahali hapo pawili palitengana kwa yadi 400. Van Jacobson na Michael Karels walilichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 makala yake ikatoka. Kisa hakikuwa waya uliokatika. Kisa kilikuwa katika programu za kompyuta zenyewe, zilizokuwa zikipeleka na kurudia pasipo kiasi. Hapo twapata funzo la kwanza: mtandao ukienda polepole, hiyo si hoja ya kutosha ya kuulaumu waya.

Sasa tuje kwetu. Mwanafunzi mmoja alipopeleka kazi yake kwenye seva, ilifika mara moja. Lakini darasa zima lilipopeleka kwa pamoja, dakika za mwisho za kipindi, mashine ziliduwaa. Kengele ya shule ikilia, watu huzima mashine na kwenda zao, na kazi nyingine zikabaki nusu. Wanafunzi wanane wa Kidato cha Tatu waliandikiwa ya kuwa hawakuleta kazi, na hali waliileta. Basi ikatafutwa sababu, na sababu iliyokuwa karibu ilikuwa ni wale wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wanaofagia chumba kile kila asubuhi. Ilisemwa ya kuwa wanazivuta nyaya kwa fagio. Wakakatazwa kuingia chumbani, na shule ikanunua waya mpya. Waya ukatandikwa, wafagiaji wakakaa nje wiki tatu, na ugonjwa ukabaki vile vile.

Ndipo Mwalimu wetu wa Kompyuta alipotuita watu wanne wa chama chetu, akasema, "Vijana, tusimshike mtu kabla ya kuhesabu." Nasi tukauliza, "Tuhesabu nini, Mwalimu?" Akajibu, "Hesabuni pakiti katika kila mlango inaopita. Mlango ambao zimeingia nyingi na kutoka chache, huo ndio wenye kesi."

Milango yenyewe ni hii. Pakiti hutoka katika mashine ya mwanafunzi. Hupita katika waya na swichi. Hufika kwenye kadi ya mtandao ya seva. Huchukuliwa na dereva wa kadi hiyo. Hupandishwa kwenye kiini cha mfumo wa Linux. Na mwisho hupokewa na programu ya kutunza kazi zetu. Wengi wetu twaijua programu iitwayo ping, ambayo Mike Muuss aliiandika mwaka 1983. Ping hukuambia kama pakiti zinapotea, lakini haikuambii ni katika mlango upi. Hesabu ya mlango kwa mlango ndiyo iwezayo kusema.

Yafaa nieleze zaidi habari za mlango wa kadi na mlango wa dereva, maana hapo ndipo palipokuwa na mambo. Kadi ya mtandao ni kile kipande cha mtambo ambamo waya huchomekwa. Haina habari ya insha wala ya hesabu. Kazi yake ni kupokea ishara za umeme, kukagua kama pakiti imefika salama, na kuiweka katika kumbukumbu ya kompyuta. Dereva wa kadi naye si mtu, bali ni programu, nayo imepewa kazi ya kuzitoa pakiti hapo na kuzipandisha juu kwa wenye kuzitumia.

Baina ya kadi na dereva pana visanduku vilivyopangwa kama duara. Seva yetu ilikuwa na visanduku 256. Kadi hujaza cha kwanza, cha pili, cha tatu, na ikifika cha mwisho hurudi kwenye cha kwanza. Dereva huifuata nyuma, akitoa kilichojaa na kuweka kitupu mahali pake. Maadamu dereva hachelewi, duara halijai. Lakini akichelewa hata visanduku vyote vikajaa, kadi haina pa kuiweka pakiti inayokuja. Hainung'uniki wala haingoji. Huitupa pakiti hiyo, ikaongeza moja katika hesabu yake ya pakiti zilizokosa nafasi, basi.

Dereva hujuaje ya kuwa pakiti zimekuja? Kadi humpigia kengele, yaani hupeleka ishara ya kuikatiza prosesa kazi iliyo nayo. Zamani kengele iliweza kulia kwa kila pakiti, na hapo palikuwa na hatari. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walionyesha ya kuwa kompyuta ikijiwa na pakiti nyingi mno huweza kushughulika na kuitikia kengele tu, isipate nafasi ya kumaliza kazi yoyote. Kwa hiyo katika Linux ya siku hizi, kengele ikilia mara moja, dereva huizima, huchukua pakiti kwa mafungu, aghalabu zisizozidi 64 kwa fungu moja, na akiona hapana zilizobaki huiwasha tena.

Baada ya kufahamu hayo tulifanya jaribio letu jioni moja, wakati chumba hakina kazi nyingine. Tulichukua mashine 8, na kila moja tuliipa programu ndogo ya kupeleka pakiti 12,500 zilizojaa, kila pakiti ikiwa na namba yake. Hatukuzipeleka kwa desturi ya TCP, kwa kuwa TCP ingezirudia zilizopotea na kutuficha hasara. Tulitumia UDP, ambayo hupeleka mara moja tu, kisha haina habari tena. Hesabu za kadi na za dereva tulizisoma kwa programu iitwayo ethtool, na pakiti chache za salamu ambazo kompyuta hupelekeana zenyewe tuliziondoa. Tukapata hivi:

Zilizopelekwa na mashine 8: 100,000
Zilizofika kwenye kadi ya seva: 100,000
Zilizofika zikiwa na kosa: 0
Zilizokosa nafasi katika duara: 10,566
Zilizochukuliwa na dereva: 89,434
Zilizopokewa na programu: 89,434

Tazameni vizuri mistari mitatu ya kwanza. Pakiti zote zimefika kwenye kadi, tena salama. Waya ungekuwa mbovu, au umevutwa kwa fagio, kadi ingeonyesha zilizofika chache, au ingeonyesha zenye kosa. Basi kwa mistari mitatu hiyo waya ulikuwa huru, na swichi ilikuwa huru, na wafagiaji walikuwa huru. Hasara yote ilikuwa ndani ya seva, baina ya kadi na dereva. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini kujua mlango si kujua sababu. Tukazitazama namba za pakiti zilizokosekana, tukaona jambo la ajabu. Hazikukosekana moja hapa na moja kule. Katika kila mashine zilikosekana namba mia sita na kitu mfululizo, kisha zikafika salama kwa muda, kisha zikakosekana tena mia sita na kitu mfululizo. Yaani jumla ya hasara ilikuja kwa mafungu mawili ya pakiti 5,283 kila moja. Hasara ya mfululizo si desturi ya mtu mdhaifu asiyeweza kazi. Ni desturi ya mtu aliyeondoka kazini. Dereva alikuwa akiondoka mara mbili, na kurudi.

Je, aliondoka kwa muda gani? Hilo nalo huhesabika. Waya wa kila mashine ya mwanafunzi hupitisha bitsi milioni 100 kwa sekunde. Pakiti iliyojaa, pamoja na bahasha yake na nafasi ndogo inayoachwa baina ya pakiti na pakiti, huchukua baiti 1,538, yaani bitsi 12,304. Gawanya, utapata pakiti 8,127 kwa sekunde kwa mashine moja, na kwa mashine 8 ni kama 65,000. Kwa mwendo huo duara tupu la visanduku 256 hujaa kwa muda usiofika milisekunde 4. Nazo pakiti 5,283 huchukua milisekunde 81. Kwa hiyo tulikuwa tukitafuta kitu kinachomweka dereva mbali na kazi yake kwa milisekunde 80 na kidogo. Kwa mwanadamu huo ni muda wa kufumba jicho. Kwa kompyuta ni safari ndefu.

Mwenzetu mmoja alishauri tuongeze visanduku, maana kadi ile iliruhusu mpaka 4,096. Tukaviongeza kwa ethtool, tukarudia jaribio. Zilizokosa nafasi zikashuka kutoka 10,566 hadi 2,898. Wengine walifurahi, lakini Mwalimu alisema ya kuwa kupungua kwa homa si kupona. Kuongeza visanduku ni kumpa dereva nafasi ya kuchelewa zaidi, hakumwondolei kinachomchelewesha.

Ndipo tulipofungua maandishi ya dereva mwenyewe, ambayo yalikuwemo katika diski ya seva. Yameandikwa kwa lugha ya C. Hatukuyasoma yote, tulitafuta ile sehemu ya kuchukua mafungu, maana hesabu zimekwisha tuonyesha pa kutazama. Ndani yake tukakuta sharti moja dogo: pakiti zinazongoja zikizidi 128, dereva aandike onyo ya kuwa duara linakaribia kujaa, asizidi mara moja kwa sekunde. Bila shaka lilikuwa neno la majaribio, likasahauliwa humo. Tulipofungua daftari la kumbukumbu za mfumo, onyo lile lilikuwapo, mara mbili kwa kila jaribio.

Onyo la mstari mmoja lawezaje kuleta hasara kubwa namna hiyo? Tulitazama linakwenda wapi. Seva yetu ilipangwa tangu zamani kupeleka maonyo yake, mbali ya daftarini, kwenye tundu la nyuma la waya wa serial, kwa mwendo wa bitsi 9,600 kwa sekunde. Herufi moja huko huchukua bitsi 10, kwa hiyo hupita herufi 960 kwa sekunde. Onyo letu lilikuwa na herufi 80. Gawanya 80 kwa 960, utapata milisekunde 83. Na katika kuandika huko prosesa husimama ikingoja herufi moja iende ndipo iandike nyingine, ijapokuwa hapana mtu wala kitu chochote upande wa pili cha kusoma.

Sasa kisa chote kilikuwa dhahiri. Mwanafunzi mmoja akipeleka kazi, pakiti hazifiki 128 katika duara, na dereva hufanya kazi kimya. Darasa zima likipeleka pamoja, kazi nyingine ya seva ikimchelewesha dereva kwa milisekunde 2 tu, pakiti zinazongoja hupita 128. Dereva huacha kuchukua pakiti, huketi kuandika onyo ya kuwa duara linakaribia kujaa, na anapoliandika, duara linajaa kweli, na pakiti elfu tano na zaidi hutupwa. Onyo lenyewe ndilo lililoleta msiba uliokuwa ukionywa. Ni kama mlinzi wa bwawa anayeona maji yanapanda, akaenda ofisini kuandika barua ndefu badala ya kufungua mlango wa maji.

Hata hivyo hatukutaka kuamini kwa sababu tu ya hadithi kuwa nzuri. Tulirudisha visanduku kuwa 256, tukabadili jambo moja tu: tukazuia maonyo yasiende kwenye tundu lile. Dereva hatukumgusa. Jaribio likaonyesha hasara 0. Tukaruhusu tena, hasara ikarudi kwa mafungu yale yale. Tukazuia tena, ikaondoka. Hapo tukaridhika.

Dawa ya kudumu ilikuwa kuliondoa onyo katika sehemu ile ya dereva na kuweka mahali pake hesabu tu, iongezeke moja kila pakiti zinazongoja zikipita 128, maana kuongeza moja katika hesabu hakuchukui hata sehemu ya milioni ya sekunde. Kwa visanduku 256 tulifanya majaribio kumi, na katika mawili kati yake zilipotea pakiti chache. Kwa visanduku 1,024 tulifanya kumi mengine, haikupotea hata moja. Basi visanduku 1,024 ndivyo vilivyobaki. Mnaona ya kuwa kuongeza visanduku kulikuwa na faida yake, ila baada ya kuondoa sababu, si badala yake.

Mwalimu alizipeleka hesabu hizo kwa Mwalimu Mkuu. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wamerudishiwa kazi yao chumbani, na wameambiwa mbele ya gwaride ya kuwa hawakuwa na hatia. Wale wanane wa Kidato cha Tatu wamepewa nafasi ya kuleta kazi zao upya, nazo zimesahihishwa.

Kwa wenzangu watakaokutana na ugonjwa kama huu, hapa au mahali pengine, naona yafaa wayashike mambo manne. Kwanza, jaribuni kwa pakiti zenye namba, tena kwa njia isiyozirudia zilizopotea. Pili, hesabuni katika kila mlango, mkaanze na hesabu za kadi, maana hizo hutenga mambo ya nje na mambo ya ndani mara moja. Tatu, tazameni hasara imekuja vipi: iliyotawanyika ina sababu zake, na ya mfululizo ina zake, na ikiwa ya mfululizo, pimeni urefu wake, maana urefu huo ni saa inayowaambia dereva alikuwa mbali kwa muda gani. Nne, mkidhani mmeipata sababu, badilini jambo moja tu, kisha lirudisheni, mwone kama ugonjwa nao unakwenda na kurudi.

Elimu hii haihitaji mitambo ya gharama. Ethtool hupatikana bure, maandishi ya madereva mengi ya Linux yako wazi kwa kila mwenye kutaka kuyasoma, na kugawanya 80 kwa 960 tulifundishwa katika shule ya msingi. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kuhesabu kabla ya kusema, kwa kuwa waya ukilaumiwa bure hupoteza fedha, lakini mtu akilaumiwa bure hupoteza jina lake.